Chombo cha kale kipakwe rangi ya nani?

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia akilini kila nipitapo penye gereji za kando ya barabara ya Outer Ring, karibu na magorofa ya mtaa wetu wa Pipeline. Matatu huingia pale ikiwa imechakaa, imepondeka ubavu mmoja, na kutu imeila hadi kwenye vidato vya mlango. Baada ya majuma mawili hutoka ikimetameta mithili ya bibi harusi. Vijana wamekwangua kutu, wamejaza mashimo kwa puti, wamesugua kwa msasa, kisha mchoraji akamalizia kwa sura ya mwanamuziki au mchezaji kandanda ambaye hata hajui kuwa Pipeline ipo duniani. Abiria hugombania kuipanda. Ni nadra kumsikia mmoja wao akiuliza injini iliyofichwa na rangi hiyo ni ya mwaka gani.

Kiswahili kina neno moja linalomweka dereva wa Pipeline na nahodha wa Lamu katika fungu moja, nalo ni chombo. Matatu ni chombo, jahazi ni chombo, meli ni chombo. Kwa sababu hiyo msomaji asistaajabu nikimtoa leo katika vumbi la Eastlands na kumpeleka ufuoni, nipate kuulizia jambo ambalo mafundi wa gereji zetu hulikabili kila siku bila ya kulipa jina. Chombo cha kale kinapofufuliwa, mwili wake na injini yake, kipakwe rangi gani? Na ni nani mwenye haki ya kuichagua?

Huenda mtu akauliza Pipeline inahusiana vipi na mambo ya majini, ilhali maji yenyewe huku kwetu huuzwa kwa mtungi. Jina la mtaa limetokana na bomba la mafuta. Kampuni ya Kenya Pipeline iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1978 mafuta yakaanza kusukumwa kutoka Mombasa hadi Nairobi. Baadaye bomba lilirefushwa hadi Kisumu. Huko Kisumu ipo meli iitwayo MV Uhuru, iliyoundwa katika miaka ya 1960 ili ivushe mabehewa ya reli katika Ziwa Viktoria. Meli hiyo ililala bila kazi kwa zaidi ya mwongo mmoja, kisha ikakarabatiwa na kurejea safarini mwishoni mwa mwaka 2019, ikavusha mafuta kuelekea Uganda. Kwa hiyo mafuta yapitayo jirani na madirisha yetu yamewahi kumalizia safari yake ndani ya chombo kikuukuu kilichofufuliwa. Si haba kwa mtaa usiokuwa na ufuo.

Liko pia jambo la darasani. Wanafunzi wetu hukariri methali isemayo kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huieleza maana yake ya ndani kwa ufasaha na kupata alama zote. Lakini umwombe mmoja wao akuonyeshe katika picha ni wapi tezi, ni ipi omo na ngama ni kitu gani, utamwona akitazama darini. Walimu wa Kiswahili tumewapa watoto methali tukawanyima chombo. Somo la rangi za vyombo, kwa maoni yangu, lingekuwa mlango mwema wa kuwarudishia.

Na tuingie kwa mlango wa Lamu. Katika kijiji cha Matondoni, ambacho sifa yake ya uundaji wa vyombo ni ya miaka mingi, rangi ya jahazi ni dawa kabla ya kuwa pambo. Maji yanapokupwa, chombo huachwa kikapwelea ufuoni. Makuti makavu huwashwa na kupitishwa kando ya mbao, moto ukaunguza majani ya bahari yaliyoshika na kuua wadudu wanaotoboa miti. Mianya iliyo baina ya mbao huzibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta na kugongewa kwa patasi butu. Hapo ndipo huja deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, unaopakwa sehemu yote ya chini itakayokaa majini. Ubavu wa juu hupakwa sifa, mafuta yatokanayo na maini ya papa, ambayo harufu yake hukujulisha kwamba kuna jahazi jirani kabla hujaliona.

Tokeo la kazi hiyo ni chombo chenye tumbo jeupe na ubavu wa hudhurungi iliyokolea. Mgeni hulitazama akasema kwamba watu wa Lamu wana jicho zuri la kuoanisha rangi. Jicho wanalo, hilo silikani. Hata hivyo weupe ule ni wa chokaa inayomfukuza mdudu, na hudhurungi ile ni ya mafuta yanayozuia mbao zisipasuke. Mapambo hasa yametengewa mahali pake: kibao cha duara omoni, kilichochorwa mwezi na nyota, kiitwacho jicho la chombo, pamoja na michoro ya tezini. Anayetaka kufufua jahazi la namna hiyo akaanza kwa kuuliza kama samawati itapendeza kuliko kijani, amelianza swali kutoka mwisho.

Meli za chuma nazo zina desturi kama hiyo. Ule wekundu tunaouona chini ya mstari wa maji katika meli nyingi ulitokana na mambo mawili. Chuma kilipakwa kwanza rangi nyekundu ya madini ya risasi ili kisishike kutu. Juu yake ikapakwa rangi iliyotiwa shaba, ambayo nayo huelekea wekundu, kwa sababu shaba huwasumbua viumbe wanaojigandamiza kwenye meli na kuipunguzia mwendo. Baadaye viwanda vilileta rangi zenye kemikali za bati, zilizofanya kazi hiyo vizuri mno hata zikawadhuru chaza na konokono wa bandarini. Mataifa yakakubaliana mwaka 2001 kuzipiga marufuku, na mkataba huo ukaanza kutekelezwa mwaka 2008. Kwa hiyo mtu akifufua mashua ya miaka ya 1970 na kusisitiza kwamba apate rangi ile ile ya chini, huenda anaomba sumu. Aipate rangi yenye sura ile ile na asiirudishe ile kemikali. Katika jambo hili uaminifu kwa historia una mpaka.

Jua nalo lina kauli yake. Mbao zilizopakwa rangi nyeusi au buluu nzito hupata joto kali sana katika jua letu la Ikweta. Hukauka, husinyaa, kalafati ikaachia na maji yakapata njia. Mafundi wa Ulaya, ambako jua ni haba, waliweza kupenda weusi wa ubavu bila ya kuugharamia sana. Anayeiga picha ya chombo cha huko ataulipa uzuri wake kwa kuchota maji ngamani kila asubuhi. Sitaha nayo ikiwa nyeupe kabisa humpofusha nahodha, ikiwa nyeusi humwunguza nyayo. Ndiyo maana sitaha nyingi ni za rangi hafifu ya mchanga, au kijivu kisichokolea. Katika Pipeline tungeweza kujifunza kitu hapo. Magorofa yetu ya ghorofa saba na nane yamebanana hata jua la saa sita haliifikii ngazi ya chini, na bado mwenye nyumba hupaka upande wa barabarani rangi za kuvutia wapangaji, huku vishimo vya hewa vya ndani, ambamo chokaa nyeupe ingeleta angalau nusu ya mwanga, vikibaki saruji tupu. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Tuseme basi kwamba fundi amekwisha kujua rangi zipi zinakifaa chombo chake. Bado hajajua kilikuwa na rangi gani. Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kumbukumbu za wazee au picha za zamani, na vyote viwili hudanganya. Mzee hukumbuka rangi aliyoiona mara ya mwisho, au ile aliyoipenda. Picha nazo zina hila ambayo wanafunzi wa fizikia wataifurahia. Filamu nyingi za mwanzo wa karne ya 20 hazikuhisi mwanga mwekundu. Zilihisi buluu kupita kiasi. Matokeo yake ni kwamba kitu chekundu hutokea cheusi pichani, na kitu cha buluu hutokea karibu na weupe. Mtu akiitazama picha ya meli ya mwaka 1915 na kusema kwa uhakika kwamba bomba lake la moshi lilikuwa jeusi, huenda lilikuwa jekundu kama pilipili.

Shahidi bora ni chombo chenyewe. Chagua mahali palipofichika, nyuma ya bawaba au chini ya kipande cha chuma kilichofungwa kwa skrubu, ambapo jua halikufika. Sugua kwa msasa laini uliolowa maji, polepole, ukipanua duara dogo. Tabaka zitajitokeza moja baada ya nyingine kama duara za ndani ya gogo la mti: ya juu ya juzi, chini yake ya mmiliki wa kabla, na katikati kabisa ile ya kwanza iliyogusa mbao au chuma. Usiihukumu rangi iliyokuwa juani. Nyekundu hupauka ikawa waridi, na nyeupe ya mafuta iliyofungiwa gizani hugeuka manjano. Ukishaipata, usiitaje kwa jina tu unapokwenda dukani, kwa kuwa ukisema buluu utapewa buluu ya mwenye duka. Lugha yetu ina samawati, ina nili, ina urujuani, ina kijivu cha jivu la kuni na damu ya mzee. Hata hivyo hakuna neno litakalomwonyesha muuzaji alama uliyoiona chini ya bawaba. Mpelekee kipande chenyewe.

Nimesema msasa uliolowa maji, wala si kwa bahati mbaya. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, katika nyekundu ya kuzuia kutu, katika manjano, na katika nyeupe. Leo viwango vya Afrika Mashariki vinakataza rangi kuzidi sehemu 90 za risasi katika kila milioni, lakini kiwango cha leo hakiifuti rangi iliyopakwa miaka 50 iliyopita. Vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto huathiri ubongo unaokua, na athari hiyo hairudi nyuma. Katika mitaa kama yetu gereji na shule ya chekechea huweza kugawana ukuta mmoja. Fundi anayekwangua chuma kikavu mchana kutwa, kitambaa kikiwa puani mwake peke yake, anawagawia majirani kitu ambacho hawakukiomba. Alowanishe kazi yake, akusanye takataka katika mfuko, na nguo alizofanyia kazi asizichanganye na za watoto wake. Walimu wa sayansi na walimu wa ufundi wanaweza kulifundisha jambo hili kwa dakika 10, na sijui ni kwa nini halifundishwi kila mahali.

Sasa nirudie swali la nani. Mfano mwema kuliko yote katika eneo letu ni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, ambako iliunganishwa tena na kuingizwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza. Julai 1916 Wajerumani, walipoona kwamba Kigoma haiponi, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nene kila mahali. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na kuzikuta injini zikiwa zingali zinafaa. Mwaka 1927 meli ilirejea kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Injini zile za mvuke ziliendelea kuisukuma hadi ukarabati wa miaka ya 1970, zilipoondolewa na kuwekwa za dizeli.

Mwanafunzi na alifikirie jambo hilo. Katika maisha yote ya injini zile, kitu bora kilichowahi kupakwa juu yake kilikuwa grisi, isiyo na uzuri wowote, iliyopakwa na watu waliojua kwamba hakuna atakayeiona kwa miaka mingi.

Mwili wa meli ndio wenye mgogoro. Liemba ilianza kama chombo cha vita cha Wajerumani. Ikawa mali ya shirika la reli la Tanganyika chini ya Waingereza, kisha ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, kisha, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, ikawa ya shirika la reli la Tanzania, na hatimaye ikakabidhiwa kampuni ya Serikali ya huduma za meli. Mwaka 1997 ilirudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Mwaka 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka ufuo wa Kagunga na kuwafikisha Kigoma. Kila zama ilikuwa na mwenye chombo, na mwenye chombo aghalabu ndiye mwenye brashi. Ipakwe ya nani?

Wako wapenzi wa mambo ya kale, hasa wa ng'ambo, ambao wangefurahi kuiona imevaa tena sura ya mwaka 1915, bendera ikikosekana tu. Siwalaumu, kwani meli za zama hizo zilizobaki duniani zinahesabika. Lakini chombo hiki kilifanya kazi ya vita kwa mwaka mmoja na nusu, na kikafanya kazi ya kubeba mahindi, dagaa, wauguzi, wanafunzi na wakimbizi kwa karibu miaka 90. Kumvika mzee nguo za utotoni kwa sababu ndizo adimu zaidi ni kumfanyia mzaha. Mimi ningeipaka rangi ambayo mama wa Kasanga au Kirando angeitambua akiwa mbali ufuoni na mzigo wake, akasema: ndiyo ile. Rangi ya Wajerumani ingebaki katika duara dogo lililosuguliwa, chini ya kioo, na maelezo yake pembeni.

Wanaodhani kwamba hilo haliwezekani waende wikendi katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo mna garimoshi kubwa namba 5918, liitwalo Mount Gelai, moja katika yale 34 ya aina yake yaliyoundwa na Beyer Peacock huko Manchester katikati ya miaka ya 1950. Limevaa damu ya mzee, rangi ya Reli ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo lililoivaa likipanda kutoka Mombasa na shehena yake. Mzee aliyefanya kazi katika reli na kustaafu akaishi Makongeni hahitaji kusoma kibao kulitambua. Nauli ya kutoka Pipeline hadi hapo ni ya matatu moja, na mwanafunzi atakayeligusa ataelewa kwa kidole chake kitu ambacho makala hii inakisema kwa maneno mengi.

Nimeahidi kuzungumzia injini, nami sitakawia. Injini ya nje inayofungwa tezini mwa mashua ina desturi zake za rangi, kwa maana viwanda vilizitumia kama chapa: Mercury ya Marekani ilijulikana kwa weusi tangu miaka ya 1960, na Evinrude ikajulikana kwa buluu. Mkusanyaji wa vitu vya kale atataka rangi hiyo hasa, na ni haki yake. Lakini injini iliyo ndani ya chombo, ile inayotazamwa na fundi peke yake, ipakwe rangi hafifu, kijivu cheupe au kijani kibichi kilichochujuka. Sababu yake ni kwamba juu ya rangi hafifu tone la mafuta linalovuja huonekana siku ile ile, na ufa mwembamba katika chuma huonekana kabla haujawa ufa mnene. Injini iliyopakwa nyeusi huficha maradhi yake hadi siku ya kufa. Itumike rangi inayostahimili joto, maana rangi ya milango ikiwekwa karibu na bomba la moshi huungua na kubanduka kwa siku chache.

Kuna mitego miwili ambayo huwanasa hata mafundi wazuri. Wa kwanza ni kuchukua ile rangi ya shaba ya chini ya mashua na kuipaka pia kwenye mguu wa injini, ili vyote vifanane. Mguu huo ni wa alumini, na shaba ikikutana na alumini katika maji ya chumvi, alumini huliwa. Wa pili ni kipande kidogo cha zinki kilichofungwa karibu na rafadha. Kinaonekana kibaya, kimechimbika, na mtu anayependa usafi hukipaka rangi kama vitu vingine. Kipande kile kimewekwa ili kiliwe badala ya injini. Ukikipaka umekiziba mdomo, na bahari itatafuta kingine cha kula.

Hapo tunafikia jambo ambalo kwangu ni zito kuliko mengine. Kila chombo kina alama ambazo rangi haina ruhusa ya kuzifunika. Mwaka 1876, baada ya kampeni ya miaka ya mbunge Samuel Plimsoll, Uingereza ilizilazimisha meli zake kuwa na alama ubavuni ya kuonyesha kikomo cha upakiaji. Ulimwengu mzima ulikuja kuifuata, na mkataba wa mwaka 1966 ukaeleza hata rangi yake: nyeupe au manjano juu ya ubavu wa rangi nzito, na nyeusi juu ya ubavu wa rangi hafifu. Herufi zilizo kando yake hutofautisha maji ya chumvi na maji baridi, bahari ya tropiki na bahari ya barafu. Maana yake ni kwamba, anayechagua rangi ya ubavu amechagua pia, apende asipende, rangi ya alama itakayosomwa na mkaguzi pale gatini. Akiipaka samawati hafifu na kuiacha alama ikiwa nyeupe, amekifumba chombo jicho. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, ikiwa imewabeba watu wengi kupita uwezo wake wa abiria 101, na watu zaidi ya 220 wakafa. Sisemi kwamba rangi ndiyo iliyoizamisha. Nasema kwamba katika maziwa yetu mstari wa kikomo si mapambo, na fundi anayekifanya chombo kipya anapaswa kuurudisha mstari huo kwanza, kabla ya jina na kabla ya maua.

Pipeline tunao mstari wetu. Kanuni alizozitangaza Waziri John Michuki mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004 ziliilazimisha kila matatu ivae utepe wa manjano, pamoja na mikanda ya viti na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wachoraji walilia, kwa sababu kazi ya miaka mingi ilifutwa katika majuma machache. Walikuwa na haki ya kulia. Mwishoni mwa mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipojitokeza kuwatetea vijana wa sanaa hiyo, michoro ilirudi kwa kishindo, na leo utepe wa manjano katika baadhi ya magari ya huku kwetu umefinywa na kupambwa hata huwezi kuuona bila kuambiwa upo. Mimi ni miongoni mwa wanaoipenda michoro ile. Nisingependa matatu zetu zifanane kama sare za jela. Lakini mchoraji wa Matondoni alipewa omo na tezi akacheza atakavyo, na tumbo la chombo akaliachia deheni. Mchoraji wa Pipeline naye ana paa, ana milango, ana nyuma yote. Ni utepe ule mwembamba tu ndio ambao si wake.

Na kwa kuwa nimetaja yaliyofutwa mwaka 2004, nina ombi kwa walimu wa sanaa wa Embakasi na mitaa ya jirani. Zanzibar, katika Beit al-Ajaib, palikuwa na mtepe uliojengwa upya mwaka 2003, chombo cha kushonwa kwa kamba bila ya msumari hata mmoja. Wajenzi wake hawakuwa na mtepe wowote wa kale wa kuukwangua. Walitegemea mifano midogo, michoro na picha. Sehemu ya jumba lile ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Matatu za miaka ya 1990 zilizokuwa zikitikisa Jogoo Road nazo zimekwisha kuwa vyuma chakavu, na picha zake za rangi zimo katika masanduku ya watu, zikipauka.

Gari linaloingia gerejini leo lina tabaka nne au tano za rangi. Mwanafunzi mmoja mwenye simu, rula na bahasha anaweza kumwomba fundi ruhusa ya dakika 15 kabla msasa haujapita. Apige picha pande zote nne. Achukue kipande cha rangi kisichozidi ukucha, kutoka mlangoni na kutoka chini ya bawaba, akitie katika bahasha na kunawa mikono. Nje ya bahasha aandike tarehe, njia ambayo gari lilikuwa likipita, mwaka lilipoundwa, mahali kipande kilipotoka, na jina la mchoraji wa mwisho, kama fundi analikumbuka. Aghalabu hulikumbuka.